Mshenga Ajifunza Kuuliza

Mahgol Karokhi alikuwa mshenga, tena si mshenga wa kubahatisha. Kule Herat, Afghanistan, mama mwenye kijana wa kuoa hakununua hata kilo moja ya sukari kabla hajapita kwa Mahgol kupata ushauri, na mama mwenye binti alijua kabisa kwamba Mahgol akionekana barabarani amevaa shela lake la kijivu, basi kuna nyumba inakwenda kuposwa. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Na katika maneno yote hayo, kwa miaka yote hiyo, hamkuwa na swali hata moja.

Ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa. Aliingia nyumba ya watu, akasifu zulia. Akasifu chai. Akamwombea babu wa nyumba hiyo maisha marefu, hata kama babu mwenyewe alikuwa amekaa pale pale na anasikia. Akasema mwaka huu zafarani imechanua vizuri, sifa zote ni za Mungu. Akaletewa lozi za sukari, akakataa. Akasihiwa, akakataa tena. Aliposihiwa mara ya tatu akachukua moja, shingo upande, kana kwamba amefungwa kamba. Siku ya kwanza aliondoka bila kutaja kijana yeyote. Siku ya pili alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, kwamba mjini kuna kijana fulani mpole sana, anamheshimu mama yake. Siku ya tatu alikuwa ni mama wa binti ndiye anayehangaika kutaka kulijua jina. Na nyumba ikikubali, haikusema "ndiyo". Ilimpa Mahgol sinia la vitu vitamu arudi nalo, na mtaa mzima ukaelewa.

Kumwuliza mtu jambo waziwazi, macho kwa macho, Mahgol aliona ni sawa na kumwingilia chumbani bila hodi.

Sasa mchukue mwanamke huyo umlete Geislingen, Ujerumani.

Alikuja na bintiye Ruhafza baada ya mambo kuharibika kwao, mume akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Walipewa nyumba ya ghorofa ya juu, mahali ambapo mtu akifungua dirisha anasikia treni zikikusanya nguvu kuupanda mlima wa kwenda Ulm. Ruhafza alikuwa kijana, Kijerumani kilimwingia kama maji kwenye mchanga. Kabla ya mwaka kwisha ndiye aliyekuwa mdomo wa mama yake: kwa daktari, sokoni, ofisini, hata dukani mbele ya rafu ya chumvi.

"Mama jan, mama mpenzi, uliza mwenyewe basi. Yule pale amesimama, kazi yake ni kuulizwa."

"Uliza wewe, mwanangu. Una sauti nzuri."

"Sauti nzuri ya kuulizia chumvi?"

"Uliza, usinichoshe."

Si kwamba Mahgol alikuwa mvivu wa kusoma. Kila Jumanne alikwenda kwenye darasa la wageni katika ukumbi wa kanisa, akakaa mstari wa mbele na penseli mbili. Mwalimu wao alikuwa Bwana Eisele, kondakta mstaafu wa treni, aliyejitolea kufundisha kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, nyumbani mkewe alikuwa amechoka kukaguliwa tiketi. Bado alikuwa na koleo lake la zamani la kutobolea tiketi. Mwanafunzi akiuliza swali sawasawa, Bwana Eisele alilibana hewani, likalia *kach!*, na watu wazima wenye ndevu walifurahi kama wamepewa peremende.

"Mimi nimeishi ndani ya treni," alikuwa akiwaambia. "Walioniuliza niliwashusha walikotaka. Wasiouliza niliwakuta Augsburg wanalia. Haya, wote: treni ya kwenda Ulm inaondoka saa ngapi?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza kila mwanzo wa muhula, na hakuna aliyepita darasani kwake bila kuliimba. Mahgol aliliimba vizuri kuliko wengi. Kituo kiko wapi, vitunguu bei gani, kiti hiki kina mtu, haya yote aliyasema bila kukwama, *kach, kach, kach*. Tatizo lilikuwa nje ya ukumbi. Akifika tu mbele ya mtu mzima wa watu, mwenye jina lake na shughuli zake, lile swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Utamkurupukiaje mtu namna hiyo? Hujui hata kama amelala salama!

Siku moja alipiga moyo konde akaenda peke yake kwa muoka mikate. Zamu yake ilipofika alikuta nyuma ya kaunta kuna dada mmoja mwenye nywele za zambarau. Mahgol akaweka mkono kifuani, akaanza.

"Habari za asubuhi. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu."

"Watoto hawajambo?"

Dada akatazama kushoto na kulia. "Sina watoto."

"Utapata. Mama yako hajambo?"

"Mama yangu?" Dada akashtuka. "Yuko Bremen. Kwani unamfahamu? Kuna nini?"

"Nani anaumwa?" akauliza mzee mmoja nyuma kwenye foleni.

"Mama wa huyu dada," akajibu mwingine. "Yuko Bremen."

"Maskini!"

Mahgol akaona mambo yanamwendea kombo, akajitahidi kueleza kwamba hakuna anayeumwa, anamtakia tu afya njema. Dada akashukuru. Kisha akauliza, kama wanavyouliza wote, "Unataka nini?"

Unataka nini! Hivi hivi, mbele za watu, kama mtoto anayeelekezwa chooni. Mahgol akakosa neno. Dada, ambaye wala hakuwa na roho mbaya, akamsogezea kisahani chenye vipande vya mkate mpya, bado wa moto, wenye mbegu za maboga. "Uonje?"

"Hapana, asante," akasema Mahgol kwa adabu zake zote, akainamisha kichwa, akasubiri asihiwe.

Kisahani kikampita. Mzee wa nyuma akachukua vipande viwili. Mahgol akarudi nyumbani mikono mitupu, na siku hiyo walikula wali.

Basi mambo yalikuwa hivyo hadi Jumatatu moja ya mwanzo wa masika, Mahgol alipokuwa anapita na beseni la nguo kwenye ukumbi mwembamba wa nyumbani kwake, akamsikia Ruhafza jikoni akiongea na rafiki yake kwenye simu.

"Wamenipa nafasi," alikuwa anasema. "Chuo cha uuguzi cha Ulm. Na chumba cha kulala wananipa... Siendi. Nitaendaje? Mama hawezi hata kununua mkate, dada. Wanataka jibu Ijumaa. Nitawaambia siendi."

Mahgol alisimama na beseni lake, maji yakidondokea vidole vya miguu. Na tuseme ukweli, tusimpambe: kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa furaha. Mwanangu haendi! Mwanangu anabaki! Ilimjia pia, waziwazi, kwamba hana haja ya kufanya chochote. Aendelee tu kukwama mbele ya kaunta, aendelee kukosa neno, na binti atakuwa hapa mwaka huu na mwaka ujao, akimwulizia chumvi. Kisha aibu ikampanda hadi masikioni. Alikuwa amewatoa mabinti wa watu kwenye nyumba za mama zao, akiwafariji wale mama, akiwaambia kulia ni kulia lakini mtoto lazima aende akaishi. Leo imemfikia yeye, anajificha nyuma ya mkate.

Jumanne darasani Bwana Eisele aliuliza nani ameuliza swali mtaani. Mahgol, ambaye kwa kawaida hutazama chini, akasimama akasimulia mkasa wa muoka mikate, kwa Kijerumani chake cha kuungaunga. Darasa lilicheka hadi meza zikasogea. Bwana Eisele alicheka pia, lakini akaacha mapema.

"Ulisema hapana," akamwambia.

"Nilisema hapana ya adabu."

"Hapa hatuna hiyo, Bi Karokhi. Tunayo moja tu."

"Mtu akikataa, hamumwambii tena?"

"Tunaacha. Kasema mwenyewe kwamba hataki. Kumwambia tena ni kumsumbua."

Mahgol akakaa chini polepole, na hakusikia kitu kingine darasani siku hiyo. Alikuwa amemkumbuka Bi Bantlin.

Bi Bantlin ndiye jirani yao wa chini, mjane mwenye umri wa kutosha, mgongo umenyooka kama fimbo ya pazia. Wiki ile waliyohamia alipanda ngazi mwenyewe, akagonga, akasema, "Jumapili, uje unywe kahawa kwangu?" Mahgol alikuwa ameshajua maneno machache. Akaweka mkono kifuani akasema, "Hapana, asante." Bi Bantlin akasema sawa, akashuka. Mahgol akasubiri mwaliko wa pili. Kila Jumapili alivaa vizuri, akaweka lozi za sukari kwenye bakuli tayari kwa kushuka nazo, akatega sikio ngazini. Majani yakapukutika, theluji ikaanguka, theluji ikayeyuka. Hakuna aliyegonga. Akahitimisha kwamba yule mama wa Kijerumani ni mwenye majivuno, alimwalika ili kuondoa lawama tu.

Halafu kukaja suala la kibao. Katika nyumba zetu za huku kila mlango una wiki yake ya kufagia na kupiga deki ngazi, na kuna kibao cha mbao kinachoning'inizwa kwenye kitasa cha mwenye zamu. Kikining'inia kwako ni kwako, hata uwe waziri. Mahgol, kwa kutaka kuweka mambo sawa na jirani, aliamka siku moja ya zamu ya Bi Bantlin akamfagilia ngazi zote, akazipiga deki, akang'arisha mpaka reli ya kushikia. Kwao, tendo kama hilo lingemletea sahani ya biriani. Hapa lilimletea ubaridi. Tangu siku hiyo Bi Bantlin alimsalimu kwa kidevu tu.

"Nilikataa," Mahgol alijisemea njiani akitoka darasani, katikati ya daraja. "Mama wa watu alinikaribisha, na mimi nikamkataa. Akanielewa nilivyosema."

Jioni alimngoja Ruhafza amalize kula, akasema, "Nenda Ulm."

Kijiko kikasimama. "Nani kakwambia habari za Ulm?"

"Kuta."

"Kuta zina mdomo kuliko wewe, basi. Mama jan, siendi, tusiongee."

"Kwa ajili yangu?"

"Ukiumwa utamwuliza nani?"

"Nitauliza."

"Utauliza! Wewe!" Ruhafza akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Utampigia simu dereva wa gari la wagonjwa, uanze na hali ya babu yake. Mpaka umalize ukoo, umeshakata roho."

"Mdomo wako huo. Ulilelewa na nani?"

"Na mshenga." Akamshika mama yake mkono juu ya meza. "Nionyeshe mtu mmoja tu. Mmoja, katika nyumba hii, ambaye unaweza kumgongea mlango na kumwambia shida yako. Nikimwona huyo, nitakwenda. Lakini usinidanganye, nakujua."

Mahgol akaanza kukusanya sahani. Lakini katika maisha yake hakuna nyumba aliyowahi kutumwa akashindwa kuingia, na hakukusudia kushindwa na nyumba iliyo chini ya miguu yake mwenyewe.

Jumatano alitunga swali lake huku akikatakata vitunguu. Halikuwa refu: "Naweza kuja kwako kunywa kahawa?" Maneno yote aliyajua. Ila kila alipoliweka mdomoni, uso uliwaka moto. Kujialika! Kule kwao hata mwendawazimu wa sokoni husubiri kukaribishwa. Mama yake mzazi angelisikia swali hilo angejifunika shela asionekane na watu. Akalisema mbele ya sufuria. Akalisema mbele ya dirisha, treni ikipita. Akachukua bakuli la lozi ashuke nalo, akalirudisha, kwa sababu alijijua: akiwa na lozi mkononi ataanza kuzisifu lozi, na kutoka hapo atazunguka mbuyu mpaka jioni.

Akashuka hivyo hivyo. Akagonga. Bi Bantlin akafungua, amevaa aproni, akainua kidevu.

Habari za asubuhi ilikuja. Hujambo ikaja nyuma yake, na babu, na zulia la ukumbini ambalo kwa kweli lilikuwa zuri. Mahgol akazimeza zote pamoja.

"Bi Bantlin, naweza kuja kwako kunywa kahawa?"

Bi Bantlin akafuta mikono kwa aproni. "Leo? Hapana."

Mtu mwingine angegeuka, akapanda ngazi na machozi yake. Na hapa ndipo ushenga ulipomsaidia. Mahgol alikuwa ameambiwa hapana na nyumba zenye malango ya shaba na mbwa wawili wawili. Alikuwa ameambiwa hapana na wanaume wenye bunduki ukutani. Neno hilo halikumtisha hata chembe. Alisimama pale pale mlangoni, mikono imekunjwa, akisubiri mambo yaendelee.

"Leo naenda kutengenezwa nywele," akasema Bi Bantlin. "Kesho. Saa tisa." Na mlango ukafungwa.

Mahgol alibaki akiutazama ule mlango. Alikuwa amefukuzwa na kukaribishwa kwa pumzi moja, na ilimchukua nusu ya ngazi kuelewa kwamba amekaribishwa.

Alhamisi alikaa kwenye ngazi, amevaa shela lake la kijivu, mpaka saa ya kanisa ilipogonga tisa. Ndani palikuwa pametandikwa kitambaa cheupe, kahawa inanukia, na keki ya tufaha iliyojaa sinia.

"Keki?" akauliza Bi Bantlin.

"Hap—" Mahgol akauma ulimi. "Ndiyo."

Akapewa kipande kikubwa kama tofali. Akala. Ilikuwa tamu na imeungwa mdalasini, akasikitika kimoyomoyo kwa majira yote ya baridi aliyoikosa.

"Nyingine?"

"Ndiyo," akasema Mahgol, na akaona ulimwengu haujapasuka.

Bi Bantlin akaweka uma chini. Nywele zake mpya hazikutikisika. "Sasa nikuulize. Kwa nini ulifagia zamu yangu?"

Mahgol akaganda. Hajawahi kuulizwa hivyo tangu azaliwe. Lakini swali lilikuwa limeshafika, limekaa mezani kati ya vikombe viwili, na lililotakiwa lilikuwa jibu tu.

"Wewe umri," akasema. "Mimi mikono. Zawadi."

"Zawadi?"

"Zawadi. Kwa jirani."

"Mimi nilidhani unaniambia sijui kufagia." Bi Bantlin akavuta pumzi. "Ngazi hizi nimezifagia tangu nilipoolewa. Nikasema, huyu mgeni kaja jana, ananionyesha mimi mchafu. Na kahawa yangu alishaikataa."

"Nilikataa mara moja. Kwetu, mara moja, bado. Mara mbili, bado. Mara ya tatu, ndiyo. Nilingoja wewe, mara ya pili."

"Ulingoja lini?"

"Jumapili."

"Jumapili gani?"

"Zote," akasema Mahgol. "Na lozi."

Bi Bantlin aliegemea kiti chake. Akaitazama keki, akaitazama dari, mahali ambapo Jumapili zile zote miguu ya Mahgol ilikuwa ikienda na kurudi.

"Na mimi huku chini nikaoka keki nzima kila Jumapili," akasema, "nikaila peke yangu mpaka Jumatano." Kisha akaanza kucheka, kicheko kikavu kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, na Mahgol akacheka pia, akajifuta macho kwa ncha ya shela. Alishangaa jinsi lilivyokuwa jambo dogo. Kinyongo kilichokula msimu mzima kilikuwa kimekufa kwa swali moja na nusu kikombe cha kahawa. Kule kwao kingehitaji wazee, kondoo, na shangazi wa pande zote mbili.

Basi akajipa moyo, akaliuliza lile lililomleta.

"Binti yangu anaenda Ulm. Kusoma. Nikiwa na swali, naweza kugonga hapa?"

"Ndiyo."

"Nikiumwa?"

"Ukiumwa hasa. Gonga kwa nguvu, sikio hili limekufa." Bi Bantlin akakwangua makombo kwa kisu, akayakusanya, akayatawanya tena. "Na mimi nikiwa na swali?"

"Uliza."

Ilimchukua muda. Mahgol alimtazama akitafuta maneno katika lugha yake mwenyewe aliyozaliwa nayo, akaona ajabu: kumbe hata wao swali huwakaa kooni.

"Mapazia," akasema hatimaye. "Nimeyafua. Siwezi tena kupanda ngazi ya kuyatundikia. Mwanangu yuko Stuttgart, nikimwambia atasema wakati wa kwenda nyumba ya wazee umefika. Unaweza...?"

Mahgol alikuwa ameshavua viatu. Alipanda, akatundika mapazia yote ya sebuleni, Bi Bantlin akiwa chini ameshikilia ngazi kwa mikono miwili na kutoa amri. Alipomaliza na kuaga, Bi Bantlin alikata nusu nzima ya keki iliyobaki, akaiweka kwenye sinia, akaifunika kwa karatasi ya kung'aa, akamkabidhi mikononi.

Mahgol akalitazama lile sinia. Bi Bantlin hakujua anachofanya, maskini, alikuwa anagawa keki tu. Lakini mshenga yeyote wa Herat akirudi barabarani na sinia la vitu vitamu, hahitaji kuambiwa nyumba ile imesema nini. Alilibeba mpaka juu kwa mikono yote miwili, ameinua kichwa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliona sinia ni zito. Aliyekuwa anatolewa nyumbani safari hii alikuwa wake.

Ruhafza aliporudi alikuta keki mezani, chai ya iliki, na mama yake ameketi amenyooka.

"Hii umenunua wapi?"

"Nimepewa. Kwa Bi Bantlin."

"Bi Bantlin yupi? Yule wa kidevu?"

"Usimwite hivyo. Ana sikio moja bovu na keki nzuri. Nikiumwa nitagonga kwa nguvu." Na Mahgol akamsimulia yote: nywele, ngazi, mapazia, ile hapana iliyogeuka saa tisa. Ruhafza alisikiliza mdomo wazi. Alicheka pale pa kucheka. Mwishoni akawa anakizungusha kikombe chake.

"Kwa hiyo uliuliza," akasema. "Mwenyewe."

"Mwenyewe. Ulisema mtu mmoja. Huyo hapo, chini ya miguu yako."

Nje treni ilikuwa inaanza kupanda mlima. Ruhafza akasubiri kelele ipite.

"Mama jan. Unataka nibaki?"

"Hapana," akasema Mahgol.

Binti hakuinuka. Alikuwa mtoto wa Herat, alilelewa ndani ya nyumba ya mshenga. Alijua tangu hajaota meno kwamba hapana ya mama yake ni mlango ulioegeshwa tu, na kwamba mtu mwenye adabu huusukuma tena na tena.

"Hapana hiyo," akauliza polepole, "ni ya Herat au ya hapa?"

Mahgol aliisikia ile ya Herat mdomoni, tayari, ina ladha ya lozi. Alichotakiwa ni kutabasamu kidogo tu na kutazama chini. Angeulizwa mara ya pili. Angekataa. Angeulizwa mara ya tatu, na hapo angesema, basi mwanangu, kwa kuwa umesisitiza. Na kesho yake angeamka akiisikia sauti hii jikoni, na keshokutwa, na siku zote. Alimpenda mtoto huyu kuliko macho yake.

"Ya hapa," akasema.

Ruhafza akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Hakumwuliza tena.

Mahgol akamkatia keki, kipande kikubwa kama tofali, akakisukuma mbele yake. Akaweka kisu chini. Kisha kwa Kijerumani, bila salamu, bila kumtaja babu wala zulia la mtu, akauliza:

"Samahani, treni ya kwenda Ulm inaondoka saa ngapi?"

Ruhafza alifungua mdomo kumjibu, sauti ikamkatika. Ilibidi mama yake amwulize mara ya pili.